Sungura Anakunywa Maji: Tuwalinde Sungura Wetu Wakati wa Joto

Sisi wakazi wa Itaka tunaujua vizuri mwezi wa Oktoba. Nyasi zimekauka. Vumbi limejaa barabarani. Upepo wa mchana unachoma uso. Kila mtu anatazama mawingu na kuuliza, "Mvua itakuja lini?"

Mtu akichoshwa na jua, huenda kukaa chini ya mti. Ng'ombe naye hukitafuta kivuli mwenyewe. Kuku hukimbilia chini ya kihenge, akatanua mabawa na kuhema. Je, sungura aliyefungiwa kibandani ataenda wapi?

Wengi wetu tunafuga sungura. Wapo wanaofuga kwa ajili ya nyama. Wapo wanaofuga ili wauze, wapate fedha za chumvi, sabuni na madaftari. Na watoto wetu wanawafuga kwa sababu wanawapenda. Lakini kila mwaka joto likipanda, mtu huenda kibandani jioni akakuta sungura wawili au watatu wamelala, hawapumui. Hapo maneno huanza. Huyu anasema, "Ugonjwa umeingia." Yule anasema, "Kuna mtu ana kijicho na mifugo yangu."

Ndugu zangu, tusikimbilie kumlaumu jirani. Mara nyingi sungura hao wameuawa na joto na kiu. Na joto na kiu tunaweza kuvizuia kwa mikono yetu wenyewe, bila fedha nyingi. Hebu tuone.

SUNGURA NI MNYAMA WA NAMNA GANI?

Sungura wa hadithi zetu ni mjanja. Anamdanganya fisi, anamdanganya simba, anamdanganya hata tembo. Yule ni sungura wa porini. Anazaliwa porini, analala kwenye nyasi, na ana miguu mirefu ya kukimbia.

Sungura tunayemfuga ni mnyama mwingine, ingawa wanafanana. Asili yake ni Ulaya, katika nchi za Hispania na Ureno. Ndugu zake wa porini huko huchimba mashimo marefu ardhini. Jua likiwa kali, hujificha shimoni, kwa maana udongo wa chini una baridi. Jua likizama, hutoka kula. Hivyo ndivyo wanavyojiokoa na joto.

Sasa sisi tumemtoa shimoni na kumweka katika kibanda cha mbao. Tumefunga mlango. Hata awe mjanja kama yule wa hadithi, mlango hawezi kuufungua. Kwa hiyo ni sisi tunaotakiwa kumpa ubaridi ule aliokuwa anaupata shimoni.

Tena kuna jambo jingine. Mtu akisikia joto hutoka jasho. Jasho likikauka, mwili unapoa. Sungura hatoki jasho kama sisi. Mwili wake umefunikwa na manyoya mengi. Ni kama mtu aliyevaa koti zito saa nane mchana mwezi wa Oktoba, naye hawezi kulivua.

Basi anajipozaje? Anajipoza kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni masikio. Tazama masikio ya sungura mbele ya mwanga. Utaona mishipa mingi ya damu. Damu yenye joto hupita huko, upepo ukaipoza, kisha ikarudi mwilini. Njia ya pili ni kuhema. Akihema haraka, mvuke unatoka puani na kuondoa joto.

Njia hizo mbili zina mwisho wake. Hewa ikiwa ya moto sana, masikio hayapoi tena. Na kama hana maji mwilini, hata kuhema hakumsaidii. Sungura hupenda hewa ya ubaridi, yaani nyuzi 15 hadi 20 hivi. Joto likipita nyuzi 30 anaanza kupata taabu. Likifika nyuzi 35 au zaidi anaweza kufa.

Utasema, "Mimi sina kipimajoto." Hakuna taabu. Saa nane mchana ingiza mkono wako ndani ya kibanda, karibu na paa. Acha mkono humo kwa muda. Kama wewe mwenyewe unasikia kama umeingiza mkono karibu na jiko, basi jua kwamba sungura wako anateseka.

"ETI SUNGURA HANYWI MAJI"

Neno hili linasemwa katika vijiji vingi: "Sungura hanywi maji. Majani yanamtosha." Wengine wanaongeza, "Eti ukimpa maji ataharisha na kufa." Hebu tusikilize mazungumzo haya ya mama mmoja mfugaji na bwana mifugo aliyemtembelea.

Bwana Mifugo: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, mwanangu. Karibu. Njoo uwaone sungura wangu. Wawili wamekufa jana.

Bwana Mifugo: Pole sana, mama. Hawa waliobaki naona wanahema. Bakuli lao la maji liko wapi?

Mama: Maji? Sungura wanakunywa maji? Mimi nimefuga tangu Januari, sijawapa maji hata siku moja. Na walikuwa wazima, wamenenepa.

Bwana Mifugo: Januari ulikuwa unawapa chakula gani?

Mama: Majani mabichi. Mvua ilikuwa inanyesha, majani yalikuwa tele.

Bwana Mifugo: Na sasa?

Mama: Sasa majani mabichi yako wapi? Nawapa nyasi hizi kavu na pumba kidogo.

Bwana Mifugo: Basi mama, umejijibu mwenyewe. Januari maji walikuwa wanayapata. Yalikuwa ndani ya majani.

Mama: Loo! Kumbe!

Ndugu msomaji, bwana mifugo amesema kweli. Ukichuma kilo moja ya majani mabichi wakati wa mvua, zaidi ya robo tatu yake ni maji. Sungura akila majani hayo, amekula na amekunywa. Lakini kilo moja ya nyasi kavu ina maji kidogo sana, kama sehemu moja tu katika kumi. Unaweza kujaribu wewe mwenyewe. Chuma mzigo wa majani mabichi, ushike uone uzito wake. Uanike juani siku tatu, kisha uushike tena. Uzito uliopotea ni maji.

Kwa hiyo waliosema sungura hanywi maji walikuwa wameona kitu, ila walikiona wakati wa masika tu. Neno lao halifai wakati wa kiangazi. Sungura anayekula nyasi kavu na pumba bila maji, kwanza ataacha kula. Mavi yake yatakuwa madogo, makavu na machache. Atakonda. Siku joto likizidi, atakufa.

Na kule kuharisha? Maji safi hayamharishi sungura. Kinachomharisha ni maji machafu, majani yaliyochacha, na kubadilishiwa chakula ghafla.

MAJI KIASI GANI?

Hapa akina mama watauliza swali la haki: "Maji tunayachota mbali. Kiangazi visima vinapungua. Tugawane na sungura?" Ni swali zuri. Tulijibu kwa hesabu.

Sungura mkubwa mmoja mtengee nusu lita kwa siku wakati wa joto. Jike anayenyonyesha, pamoja na watoto wake, mtengee lita mbili, maana maziwa yanatokana na maji. Watoto wakikua na kuanza kunywa wenyewe, mwongezee.

Tuseme una dume mmoja na majike watatu, na jike mmoja ananyonyesha. Hesabu ni hii:

Dume mmoja: nusu lita.
Majike wawili wasionyonyesha: lita moja.
Jike mmoja anayenyonyesha: lita mbili.
Jumla: lita tatu na nusu kwa siku.

Ndoo ya lita 20 itawatosha kwa siku tano, na maji kidogo ya kuoshea mabakuli yatabaki. Maji ya ndoo moja kwa siku tano si mzigo mkubwa ukilinganisha na hasara ya kuwapoteza sungura wote wanne na watoto wao. Tena kazi hiyo si ya mama peke yake. Baba na vijana wanaweza kushika ndoo vilevile.

Sasa kumbuka mambo haya manne:

1. Tumia bakuli la udongo au chombo kingine kizito. Udongo hutunza ubaridi. Chombo cha bati hupata moto upesi, na sungura hukipindua. Kama huna bakuli zito, funga chombo kwa waya kwenye ukuta wa kibanda.

2. Weka maji kivulini. Maji yakiwa ya moto, sungura hayanywi hata kama ana kiu.

3. Badilisha maji asubuhi, mchana na jioni. Osha bakuli kila siku.

4. Usiwaache usiku bila maji. Sungura hula na kunywa sana usiku, wakati sisi tumelala. Jaza bakuli kabla ya kwenda kulala.

KIVULI NA PAA

Katikati ya Oktoba, jua hupita karibu kabisa juu ya vichwa vyetu hapa Itaka. Simama nje kama saa sita na nusu mchana siku hizo. Utaona kivuli chako kimejikusanya miguuni. Maana yake ni kwamba paa la kibanda ndilo linalopigwa na jua kali kuliko sehemu nyingine zote. Kwa hiyo anza na paa.

Paa la nyasi nene ni zuri sana. Nyasi zina hewa katikati, na hewa hiyo huzuia joto lisipite. Bati ni gumu na halivuji, lakini likipigwa na jua huwa kama kikaango. Joto lote linamshukia sungura.

Kama kibanda chako kina bati, usilitupe. Tandaza nyasi kavu juu yake, unene wa kiganja hivi, kisha weka fito juu ili upepo usizipeperushe. Au weka dari ya mianzi au mkeka mkuukuu chini ya bati, ukiacha nafasi ya hewa katikati. Paa litokeze mbele na nyuma ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie ndani.

Kibanda kirefu kielekee mashariki na magharibi, yaani ncha zake ndizo zitazame jua linapochomoza na linapozama. Ukikigeuza, upande wake mpana utachomwa asubuhi yote na jioni yote.

Mahali pazuri pa kibanda ni chini ya mti wenye majani wakati wa kiangazi au karibu na migomba. Lakini angalia vizuri. Kivuli kinahama. Mahali penye kivuli saa tatu asubuhi panaweza kuwa na jua kali saa nane. Kwa hiyo kabla ya kujenga, paangalie mahali hapo mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana na jioni. Kama huna mti, panda sasa. Kwa wakati huu, jenga kichanja cha nyasi juu ya kibanda.

UPEPO NA NAFASI

Kivuli bila upepo hakitoshi. Watu wengine hufunga kibanda pande zote kwa mbao au kwa nailoni, wakiogopa wezi na paka. Hapo joto linakosa pa kutokea. Mkojo nao ukikaa chini unatoa harufu kali inayoumiza mapafu ya sungura.

Acha pande mbili wazi, kisha uweke wavu wa waya au fito za mianzi zilizokaribiana. Sakafu iwe ya fito au mianzi yenye nafasi ndogo, ili mkojo na mavi yaanguke chini. Inua kibanda kiasi cha mita moja kutoka ardhini. Upepo utapita chini, na mbwa hatafika. Miguu ya kibanda isimamishe katika makopo yenye maji na mafuta machafu kidogo ili siafu wasipande.

Usiwarundike sungura. Kila sungura mmoja anatoa joto lake. Chumba cha sungura mkubwa mmoja kiwe na urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 60, na kimo cha sentimita 45 hivi. Ukiweka watano humo, ni kama watu kumi katika kitanda kimoja usiku wa joto.

Siku za joto kali unaweza kuongeza ubaridi kwa njia hizi:

1. Chukua gunia kuukuu la katani. Kiroba cha plastiki hakifai, maana hakishiki maji. Lilowanishe, kisha ulitundike upande ule upepo unakotokea. Upepo ukipita kwenye gunia bichi unapoa. Unajua mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa kutoka jasho? Gunia nalo linafanya kazi hiyohiyo. Unaweza kutumia maji yaliyooshea mboga, lakini yasiwe na sabuni.

2. Loweka tofali au kigae kikubwa cha chungu katika maji usiku kucha. Mchana kiweke ndani ya kibanda. Sungura mwenyewe atakuja kukilalia.

3. Mwagia maji ardhini chini ya kibanda na pembeni yake. Usimwage ndani. Sakafu na matandiko lazima yawe makavu.

CHAKULA WAKATI WA JOTO

Mtu akila ugali mkubwa saa saba mchana wa jua kali, anasikia joto zaidi. Sungura ni hivyohivyo. Chakula kikisagika tumboni kinaleta joto. Kwa hiyo mpe chakula kingi jioni jua linapozama, na kingine alfajiri. Mchana mwachie nyasi kidogo na maji.

Kama unapata majani mabichi, yatafute: matembele, kishona nguo, au majani ya migomba. Yachume asubuhi, yaweke kivulini, yanyauke kidogo. Usiyarundike yakiwa mabichi. Rundo la majani mabichi hupata moto katikati na kuchacha. Sungura akila majani hayo, tumbo linajaa hewa na anaweza kufa. Usimpe majani ya nyanya wala ya viazi mviringo, kwa sababu yana sumu.

Safisha kibanda kila siku. Kiangazi nzi ni wengi. Sungura mwenye manyoya machafu nyuma hutagiwa mayai na nzi, na funza wakamla akiwa hai. Mwinue kila sungura na umtazame nyuma na chini ya tumbo.

DALILI ZA SUNGURA ALIYEZIDIWA NA JOTO

Sungura hapigi kelele kama mbuzi. Anakufa kimya. Kwa hiyo lazima tutumie macho. Pita kibandani mchana, kati ya saa saba na saa kumi. Angalia dalili hizi:

1. Amelala amejinyoosha, hataki kuinuka.
2. Anahema haraka sana, kichwa amekiinua.
3. Masikio ni ya moto na mekundu.
4. Pua na mdomo vina majimaji.
5. Amefungua mdomo ili apate hewa. Hii ni dalili ya hatari kubwa.
6. Anatetemeka au anaanguka upande.

Ukiona dalili hizi usingoje mpaka jioni. Fanya hivi mara moja:

Kwanza, mtoe umpeleke mahali pa kivuli penye upepo. Mshike taratibu. Usimbebe kwa masikio.

Pili, chukua kitambaa, kichovye katika maji ya ubaridi wa kawaida, umpanguse masikio. Rudia mara nyingi. Lowanisha na miguu yake.

Tatu, mpepee.

Nne, weka maji karibu na mdomo wake anywe mwenyewe. Usimmiminie maji mdomoni kwa nguvu. Yanaweza kuingia mapafuni.

Tano, usimtumbukize katika ndoo ya maji baridi. Mwili utashtuka, na mshtuko huo unaweza kumwua.

Akianza kuhema vizuri na kuinua kichwa, mwache apumzike kivulini siku hiyo. Akifa, usile nyama yake. Mfukie kwenye shimo refu. Na kama sungura wanaendelea kufa hali wana kivuli, maji na upepo, basi hapo shaka ya ugonjwa ipo. Mwite afisa mifugo wa kata.

JIKE MWENYE MIMBA, WATOTO NA DUME

Anayekufa upesi kwa joto ni jike aliyekaribia kuzaa. Amebeba mzigo tumboni, na mwili wake una joto zaidi. Wengine walio katika hatari ni sungura wanene na wale wenye manyoya marefu. Hao wape sehemu yenye ubaridi kuliko zote.

Jike akizaa asipate maji, anaweza hata kula watoto wake. Watu husema ni mkatili. Lakini kiu ni moja ya sababu zinazomfanya afanye hivyo. Hakikisha bakuli limejaa siku ya kuzaa.

Watoto wa sungura huzaliwa bila manyoya. Mama hujinyonyoa manyoya yake na kuwafunika. Wakati wa baridi ni jambo jema. Wakati wa joto manyoya hayo yanaweza kuwa mengi mno. Ukiona watoto wametawanyika, wanahema, ngozi imekuwa nyekundu, punguza manyoya na nyasi katika sanduku la kuzalia. Toboa matundu madogo chini na ubavuni mwa sanduku ili hewa ipite.

Na dume je? Hapa wengi hupata hasara bila kujua. Joto kali huharibu mbegu za dume. Anaweza kuonekana mzima, anakula, anapanda, lakini majike hawashiki mimba. Hali hiyo huweza kuendelea kwa wiki sita hadi nane baada ya joto kupungua. Mfugaji anakasirika. Anamchinja dume, au anauza majike akisema ni tasa. Ndugu, usiwe na haraka. Mweke dume mahali pa ubaridi, mpe maji na chakula kizuri, ungoje miezi miwili. Kisha jaribu tena.

Ukitaka kupandisha siku za joto, fanya asubuhi mapema au jioni. Mpeleke jike kwenye chumba cha dume, si dume kwenye chumba cha jike.

KWENDA GULIONI

Sungura wengi hufa njiani. Mtu anawatia ndani ya kiroba au boksi, anafunga juu, anapanda bodaboda saa saba mchana. Akifika gulioni anafungua na kukuta mizoga. Fedha imepotea.

Tumia tenga au kikapu kinachopitisha hewa. Tandika nyasi chini. Usiwajaze wengi. Ondoka alfajiri. Ukifika, weka tenga kivulini na uwape maji. Wenzetu wanaoshuka kwenda Kamsamba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, wawe waangalifu zaidi, kwa sababu joto la bondeni ni kali kuliko la huku juu.

TUANDIKE KATIKA DAFTARI

Ndugu msomaji, wewe unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu yako kibandani. Nunua daftari dogo. Kwa kila jike andika mambo haya: tarehe aliyopandishwa, tarehe ya kuzaa, idadi ya watoto waliozaliwa, na idadi ya waliokufa.

Mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Siku ya 28 weka sanduku la kuzalia. Ukimpandisha jike tarehe 1 Julai, weka sanduku tarehe 29 Julai. Atazaa karibu na tarehe 1 Agosti. Watoto wakinyonya wiki sita, wataacha katikati ya Septemba, kabla ya joto kubwa. Hapo jike wako atapumzika Oktoba bila mimba na bila watoto. Lakini kumbuka kwamba usiku wa Julai na Agosti huku Mbozi ni wa baridi. Kwa hiyo wakati huo waachie watoto manyoya yote ya mama yao.

Andika pia siku za joto kali, na sungura waliokufa siku hizo. Mwakani utafungua daftari na kuona hatari ilianza lini. Kumbukumbu ya kichwa husahau, lakini daftari halisahau.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini sungura anaweza kuishi bila bakuli la maji wakati wa mvua, lakini hawezi wakati wa kiangazi?

2. Una dume mmoja na majike watano. Majike wawili wananyonyesha. Watahitaji lita ngapi kwa siku wakati wa joto? (Jibu: lita sita.)

3. Kibanda chako kina paa la aina gani? Unaweza kulifanya nini kabla ya Oktoba?

4. Katika nyumba yako nani huchota maji ya mifugo? Mnawezaje kugawana kazi hiyo?

5. Dume wako hapati watoto baada ya kiangazi. Utafanya nini kabla ya kumchinja?

Leo jioni, kabla hujaenda kulala, chukua taa au tochi. Nenda kibandani. Tazama bakuli. Kama ni tupu, lijaze. Kama bakuli halipo, tafuta moja usiku huuhuu.